Jinsi ya kumpendekezea mtu filamu za drama na taharuki za miaka ya 1940 hadi 1960

Ukiombwa filamu nzuri ya zamani, usitoe orodha. Orodha ya majina kumi humrudishia kazi yule yule aliyekuja kuomba msaada. Atalazimika kuchagua kati ya majina asiyoyajua, atachukua lile linalotajwa sana, litamshinda katikati, na tangu siku hiyo filamu yoyote ya nyeusi na nyeupe kwake itakuwa ya kuchosha. Pendekeza moja tu. Ichague kwa ajili yake, mweleze toleo la kutafuta, mpe sentensi mbili za kumtia hamu, kisha umwambie namna ya kuiweka runinga yake. Ya pili itatokana na atakachokuambia baada ya kutazama ya kwanza.

Muulize kabla ya kutaja jina

Usimuulize anapenda filamu za aina gani, maana wengi hutaja kile wanachodhani kinafaa kupendwa. Muulize hivi: ni filamu au tamthilia gani ya karibuni aliyoitazama hadi mwisho bila kushika simu? Aliyetaja hadithi ya wizi wa benki huenda anafurahia kuona watu wenye ujuzi wakifanya kazi yao hatua kwa hatua. Aliyetaja kesi ya mahakamani anapenda hoja na watu wanaobadili msimamo. Aliyetaja mambo ya familia hahitaji maiti ili abaki kwenye kiti, anahitaji wahusika anaowaamini.

Kisha muulize ana muda gani. Hapa filamu za kipindi hiki zina faida ambayo wapendekezaji wengi huisahau: nyingi ni fupi. The Hitch-Hiker ya Ida Lupino (1953) ina dakika 71. Cairo Station ya Youssef Chahine (1958) haifiki dakika 80. The Killing ya Stanley Kubrick (1956) ni dakika 85 hivi, Brief Encounter ya David Lean (1945) ni 86, na Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (1948) ni 89. Mtu aliyetoka kazini amechoka, ambaye angekataa filamu ya saa mbili na nusu, ataikubali ya saa moja na robo.

La mwisho ni manukuu. Kama hapendi kusoma huku anatazama, mwanzishe na filamu ya lugha anayoielewa, mengine yatakuja baadaye. Akisema hana shida, mlango umefunguka: Japani, Ufaransa, Italia, Misri na India zilitoa katika miaka hiyo filamu ambazo hazina mfano wake Hollywood.

Filamu iliyoshika nafasi ya kwanza si ya kuanzia

Mwaka 2012 Vertigo ya Alfred Hitchcock (1958) ilishika nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound, na Tokyo Story ya Yasujiro Ozu (1953) ikaongoza kura ya waongozaji. Zote mbili zinastahili heshima hiyo, na zote mbili hazimfai anayeanza. Katika Vertigo, sehemu kubwa ya saa ya kwanza ni mwanamume anayemfuata mwanamke kwa gari katika mitaa ya San Francisco, maneno ni machache, na mzigo wote umebebwa na muziki wa Bernard Herrmann. Katika Tokyo Story kamera imewekwa chini, karibu na sakafu, na ni nadra isogee. Wazazi wazee wanakwenda kuwatembelea watoto wao mjini, watoto wana shughuli zao, na kinachouma hakitamkwi. Asiyezoea ukimya wa namna hiyo atadhani hakuna kinachotokea. Kura kama hizo hupigwa na watu waliokwisha kutazama mamia kwa mamia ya filamu. Mwenzako bado hajafika huko.

Filamu ya kwanza iwe na mtego unaojifunga ndani ya dakika 10 hadi 15. D.O.A. ya Rudolph Maté (1950) inafunguka kwa mtu anayeingia kituo cha polisi kuripoti mauaji. Anaulizwa nani ameuawa, anajibu kwamba ni yeye. Katika Double Indemnity ya Billy Wilder (1944), muuza bima anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha, anawasha mashine ya kurekodi sauti na kuanza kukiri mauaji. Mtazamaji hana nafasi ya kuuliza kwa nini filamu hii haina rangi, kwa sababu ana swali kubwa zaidi la kujibiwa.

Kumlinganisha mtu na filamu

Kwa mpenda hoja, 12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957) ni chaguo salama mno. Dakika 96, na karibu zote ziko ndani ya chumba kimoja ambamo watu 12 wa jopo wanaamua kesi ya mauaji. Kuna jambo la kumdokezea ili alitazame: kadiri muda unavyokwenda, chumba kinaonekana kupungua. Lumet aliliweka hilo kwa makusudi. Theluthi ya kwanza aliipiga kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, ya pili katika usawa wa macho, na ya tatu chini yake, hadi dari likaanza kuonekana. Pia aliendelea kubadili lenzi kwa zile za kuvuta mbali, ambazo huzisogeza kuta karibu na watu. Mtu akiijua siri hiyo mapema haharibikiwi na lolote, anapata kitu cha kufuatilia. Akiipenda, Witness for the Prosecution ya Wilder (1957) inafuata, kisha Anatomy of a Murder ya Otto Preminger (1959), ambayo ina dakika 160 na haifai kuwa ya kwanza.

Kwa mpenda wizi uliopangwa, Rififi ya Jules Dassin (1955). Katikati yake kuna karibu nusu saa ya uvunjaji isiyo na mazungumzo wala muziki: wanaume wanatoboa dari kutoka ghorofa ya juu, na mwavuli unapitishwa kwenye tundu na kufunguliwa ili udake vifusi visianguke sakafuni. Mwambie mapema kwamba sauti haijakatika. Watu hushika rimoti wakidhani spika zimeharibika, na kwa kufanya hivyo wanaivunja taharuki yote. Asiyetaka manukuu mpe The Killing, inayohusu wizi katika uwanja wa mbio za farasi, lakini mwonye kwamba hadithi inarudi nyuma na kusimulia saa zile zile kupitia mtu mwingine. Asipoonywa atadhani amepitiwa na usingizi.

Anayetaka hofu bila mizimu mpe The Hitch-Hiker. Marafiki wawili wako safarini kwenda kuvua samaki, wanampa lifti mtu asiyemjua yeyote kati yao, na mtu huyo ni muuaji. Jicho lake moja halifumbi hata akilala, kwa hiyo usiku hawawezi kujua kama amelala au anawatazama. Hakuna la kuongeza hapo.

Cairo Station inastahili kupendekezwa mara nyingi kuliko inavyopendekezwa. Hadithi iko katika stesheni kuu ya treni ya Kairo. Chahine mwenyewe anaigiza kama Qinawi, muuza magazeti mwenye mguu mbovu ambaye amemtamani Hannouma, muuza vinywaji aliyeigizwa na Hind Rostom, hadi akili inaanza kumtoka. Inaanza kama drama ya wachapakazi, wapagazi wakidai chama chao, kisha taratibu inageuka kuwa taharuki, na hutajua ni dakika gani imegeuka. Ni ya kumpa mtu anayesema drama zinamchosha na taharuki hazina watu wa kweli.

Upande wa drama tupu, anza na Bicycle Thieves. Mtu asiye na kazi anapata kazi ya kubandika mabango, kazi inadai baiskeli, baiskeli inaibiwa siku ya kwanza. Hata mtoto ataielewa. Baada yake, Pather Panchali ya Satyajit Ray (1955), kisha Ikiru ya Akira Kurosawa (1952), dakika 143, kuhusu karani wa serikali anayegundua ana saratani.

Mtazamaji anajua zaidi, au anajua kidogo?

Kabla ya kuchagua filamu ya taharuki, jiulize inafanya kazi kwa njia gani. Hitchcock alieleza tofauti hiyo kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla, mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache, lakini akionyeshwa bomu kabla, anakaa roho juu muda wote ambao wahusika wanapiga soga.

Notorious (1946) ni ya aina hiyo ya pili. Kuna karamu kubwa, kamera inaanza juu kabisa ikionyesha ukumbi mzima, inashuka polepole bila kukata, hadi inafika kwenye kiganja cha Ingrid Bergman kilichobana ufunguo wa stoo ya mvinyo. Ufunguo huo ameuiba kwa mumewe. Kisha tunaonyeshwa chupa za shampeni zikipungua mezani. Zikiisha, mwenye nyumba ataufuata ufunguo. Kila mgeni anayeinua glasi anaongeza hatari, naye hajui. Filamu ya namna hii inavumilia kutazamwa na mtu aliyeingia amechelewa kidogo, hata na aliyewahi kusikia mwisho wake, kwa sababu nguvu yake iko kwenye kungoja.

Les Diaboliques ya Henri-Georges Clouzot (1955) ni kinyume. Mtazamaji anajua kidogo kuliko anavyodhani, na filamu yenyewe inafungwa kwa ombi la maandishi kwamba watu wasiwasimulie wenzao walichokiona. Hiyo usimpe mtu anayetazama huku anapika, wala usimpe aliyezoea kutafuta muhtasari wa hadithi kwenye intaneti kabla ya kuanza.

Sentensi mbili za kumtia hamu

Eleza hali aliyomo mhusika, kisha swali linalomkabili. Ishia dakika ya 15, usivuke. Kwa High and Low ya Kurosawa (1963) ingekuwa hivi: "Bosi wa kampuni ya viatu amekusanya kila senti aliyonayo ili achukue umiliki wa kampuni, na usiku huo anapigiwa simu kwamba mwanawe ametekwa. Kumbe mtekaji amekosea, amemchukua mtoto wa dereva, lakini fedha bado anazitaka." Basi. Mtu yeyote mwenye mtoto au mwajiri ataitazama.

Maneno ya kuepuka ni yale ya sifa tupu: kazi bora, iliyobadili historia, kila muongozaji amejifunza hapa. Hayo humfanya mtazamaji aketi kama yuko kwenye mtihani. Na lililo baya zaidi ni "ngoja uone mwisho". Ukimwambia mtu kwamba hadithi inageuka ghafla mwishoni, umekwisha kutoboa nusu ya siri. Atakaa akimshuku kila mhusika, na hadithi yenyewe haitamwingia. Mzuie pia asitazame trela. Trela nyingi za enzi hizo zinaonyesha matukio ya mwishoni bila aibu.

Taja mwaka, muongozaji na dakika

Jina peke yake halitoshi. Gaslight ipo ya Uingereza ya Thorold Dickinson (1940) na ya Marekani ya George Cukor (1944). The Man Who Knew Too Much ipo ya 1934 na ya 1956, na zote mbili ni za Hitchcock, kwa hiyo hapo hata jina la muongozaji halikusaidii. 12 Angry Men ilitengenezwa upya kwa ajili ya runinga mwaka 1997. Nyingine zina majina zaidi ya moja kwa Kiingereza: Bicycle Thieves ni ile ile The Bicycle Thief, na Elevator to the Gallows ya Louis Malle (1958) ni ile ile Lift to the Scaffold.

Dakika ndizo zitakazokuonyesha kama filamu imekatwa. The Third Man ya Carol Reed (1949) ina toleo la Uingereza la dakika 104 na la Marekani la dakika 93. Utayatofautisha mapema: katika lile la Uingereza anayesimulia mwanzoni ni Reed mwenyewe, katika lile fupi ni Joseph Cotten. Chukua la 104. Touch of Evil ya Orson Welles (1958) ina matoleo matatu. Lililotoka sinema ni la dakika 95 hivi, lingine ni la 108, na la mwaka 1998, lililohaririwa upya kwa kufuata waraka wa Welles wa kurasa 58, lina dakika 111. Tafuta la 111. The Wages of Fear ya Clouzot (1953) ilisambazwa Marekani ikiwa imekatwa, kwa hiyo ukiona haifiki dakika 145, iache. Na mwonye mtu kwamba malori yenye nitrogliserini hayaondoki hadi saa moja hivi ipite. Saa hiyo inahitajika: inamwonyesha kwa nini wanaume wanne watakubali kazi ya kufa.

Lakini usiogope kila tofauti. Filamu hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na diski nyingi za PAL, mfumo wa runinga wa Ulaya na kwingineko, huiendesha kwa fremu 25, hivyo inapungua dakika 4 katika kila 100. The Third Man ya dakika 100 haijakatwa, imeharakishwa. Ya 93 imekatwa.

Filamu ambazo hakimiliki yake haikuhuishwa Marekani, D.O.A. ikiwemo, hutolewa na kila anayetaka, kwa hiyo nakala mbovu zimejaa. Jaribu dakika mbili za mwanzo: kama nyuso zimekuwa madoa meupe na maneno hayasikiki, tafuta nakala nyingine kabla ya kumtumia mtu kiungo. Nakala zilizotiwa rangi kwa kompyuta zikatae kabisa. Taa ziliwekwa kwa ajili ya kivuli na mwanga, na rangi inayopakwa baadaye inavifuta vyote viwili.

Runinga na manukuu

Filamu nyingi za kabla ya 1953 zina umbo la 1.37 kwa 1, karibu na mraba. Runinga ya kisasa ni 1.78 kwa 1. Kwa hiyo pande mbili zitakuwa na mistari myeusi, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiivuta picha ijaze skrini, nyuso zinapanuka kwa asilimia 30. Ukiikuza, unapoteza karibu robo ya picha, juu na chini, na mara nyingi manukuu huenda nayo.

Zima kipengele cha kulainisha mwendo. Kila kampuni inakiita kwa jina lake, ila kuchagua hali iliyoandikwa Cinema, Movie au Filmmaker Mode mara nyingi hukizima. Zima na sauti ya kuzunguka ya bandia, maana nyingi za filamu hizi zilirekodiwa kwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, na mazungumzo huanza kusikika kama yako ndani ya pipa. Zima taa inayomulika skrini. Filamu za giza kama The Night of the Hunter ya Charles Laughton (1955) hutoweka kabisa mchana wa jua.

Manukuu meupe juu ya shati jeupe hayasomeki, kwa hiyo yape rangi ya njano au kisanduku cheusi. Yakiwa yamechelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, rekebisha muda wa kuanza. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti, tatizo ni kasi ya fremu. Kati ya 24 na 25, baada ya saa moja tofauti inafika zaidi ya dakika mbili, na hakuna kusogeza kutakakosaidia. Tafuta faili jingine.

Ya kumwonya kabla

Hollywood ilianza kusimamia kanuni za maadili kwa ukali mwaka 1934, na kanuni hizo ziliondolewa 1968. Mkosaji ilibidi aadhibiwe na mengi ya chumbani hayakuruhusiwa kuonyeshwa. Mweleze kwamba picha ikififia wakati wawili wamebaki peke yao, kuna lililotokea. Aliyezoea kuonyeshwa kila kitu hupoteza nusu ya hadithi hapo. Mwambie pia kwamba steringi wa filamu hizi mara nyingi ndiye mkosaji, asihangaike kumtafuta wa kumshangilia.

Kuna na yanayoudhi, na ni heri ayasikie kwako. Wanawake wanazabwa makofi na hadithi inaendelea kana kwamba si kitu. Katika Touch of Evil, Charlton Heston amepakwa rangi ili aonekane Mmeksiko. Sema waziwazi, usitetee, na mwache aamue.

Akirudi na majibu

Akisema ilikuwa taratibu, muulize alichoka wapi. Kama ni ndani ya dakika 20 za kwanza, kasi ndiyo haikumfaa, basi mpe The Killing. Kama ni katikati, kwanza hakikisha aliitazama kwa mkupuo mmoja. Taharuki iliyokatwa siku mbili hufa.

Akisema aliubashiri mwisho, mpe inayoutoa mwanzoni, Double Indemnity au Sunset Boulevard ya Wilder (1950), ambako tunaanza na maiti kwenye bwawa la kuogelea. Akisema waigizaji wanazidisha, mpe Bicycle Thieves, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani, au On the Waterfront ya Elia Kazan (1954), ambamo Marlon Brando anazungumza kama mtu anayetafuta maneno.

Akisema ameipenda, usimmwagie nyingine tano. Muulize amependa nini hasa, ufuate uzi huo mmoja. Kama ni Bergman katika Notorious, Gaslight ya 1944. Kama ni Henry Fonda katika 12 Angry Men, The Wrong Man ya Hitchcock (1956). Kama ni Barbara Stanwyck katika Double Indemnity, Sorry, Wrong Number (1948), kuhusu mwanamke aliye kitandani na simu yake. Kama ni kazi ya mikono katika Rififi, A Man Escaped ya Robert Bresson (1956), ambamo mfungwa anauvunja mlango wa seli yake ubao kwa ubao kwa kijiko. Vertigo mpe akishazoea Hitchcock wa Notorious na Rear Window (1954). Tokyo Story mpe baada ya Ikiru.